Gundi ya Mfupa

4 Februari

Kwako Futi, mwanangu,

Kabla sijasema lolote nataka kujua: u mzima? Kikohozi ulichotuambia mwezi wa kumi na moja kimekwisha? Shangazi yako hajambo. Anakusalimu, na anasema umekonda katika ile picha uliyotutumia. Mimi mwenyewe sijambo kidogo, na hilo "kidogo" ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Simu sitaki. Masikio yangu yaliliwa na kelele za mashine ya randa zamani, na shangazi yako akishika simu kwa niaba yangu husema anayoyataka yeye. Barua haimkatizi mtu.

Tangu mwaka jana mgongo unanisumbua, hilo unalijua. Usilolijua ni habari ya mguu wa kushoto. Maumivu huanzia kiunoni, hupita nyuma ya paja kama waya wa moto, huishia kwenye kidole gumba. Nikipiga randa ubao mmoja tu, sharti nikae. Bwana Vumbi, mwenzangu wa karakana, amenitengenezea kigoda akakiandika kwa penseli: "Kiti cha Mfalme." Wateja wanacheka, nami nacheka. Nitafanya nini?

Nimekwenda hospitali kuu, wamenipiga picha. Daktari alinionyesha kwa ncha ya kalamu: pingili moja ya chini imeteleza mbele ya mwenzake, na mshipa wa fahamu umebanwa katikati. Anataka kunipasua, auachilie mshipa, kisha azifunge pingili hizo kwa skrubu nne na fito mbili za chuma. Vyuma hivyo nitazikwa navyo. Shangazi yako aliposikia alisema, "Kaka, mvua ikianza usikae karibu nami. Radi ikikutafuta isinikute."

Daktari amenipa mwezi mmoja na nusu nifikiri. Wewe huko ng'ambo unafanya kazi katika hospitali ambamo watu hutiwa vyuma hivyo kila siku. Sitaki maneno ya kunipoza. Nikubali au nikatae? Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya.

Wako,
Baba

27 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Mwambie Shangazi sijakonda; mpiga picha alisimama mbali.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza nikukumbushe jambo, maana nasikia hapo mtaani mnaniita daktari. Mimi huosha vyombo, Baba. Niko ghorofa ya chini kabisa. Vyombo vya upasuaji hushuka kwa lifti vikiwa na damu. Navisugua, navihesabu, navifungasha, naviingiza kwenye mashine ya mvuke, kisha natia sahihi kwamba vimetimia. Lakini trei za mgongo nazijua kuliko vidole vyangu. Skrubu zake hupakwa rangi kwa unene: nyembamba ni za zambarau, za kati ni za buluu, nene ni za dhahabu. Ukiziona utasema ni mapambo.

Zamani daktari alitegemea macho na mkono wake. Siku hizi kuna mtambo unaomwonyesha kwenye skrini skrubu ilipo ndani ya mfupa, na hapa kwetu kuna mkono wa mashine unaomshikia njia asipotoke. Asubuhi nikipita wodini kupeleka vifurushi, nawaona wagonjwa waliopasuliwa jana wakitembea, mmoja akivuta soksi zake za kijani.

Nitakueleza kwa lugha yako. Skrubu na fito ni jiliwa tu. Kazi yake ni kubana. Kinachounganisha hasa ni mfupa uliosagwa, ambao daktari huupanga kando ya pingili. Mfupa huo ndio gundi. Gundi ikishika, pingili mbili zinakuwa kitu kimoja, na jiliwa haina kazi tena, ingawa huachwa humo humo.

Kubali, Baba. Nakuambia kwa moyo mmoja, kubali.

Mwanao,
Futi

2 Aprili

Futi wangu,

Salamu kutoka kitandani, lakini kitanda cha nyumbani. U mzima? Sisi tu wazima, na safari hii sisemi "kidogo".

Walinipasua tarehe kumi na tisa. Nilipoamka nilitafuta yale maumivu ya mguu kama mtu anayetafuta miwani yake, nisiyaone. Siku ya tatu muuguzi alinisimamisha. Ni mwanamke mkali, mwenye kifua kama kabati. Akaniambia, "Twende, babu, mlango uko pale, haukufuati." Nikaenda. Nilitembea mpaka mlangoni, nikaushika, nikauchunguza. Bawaba zake zimefungwa vibaya. Nilimwambia. Akasema, "Umepona wewe, umeanza ubishi."

Jirani yangu wodini alikuwa dereva wa lori aliyevunjika kiuno. Usiku kucha alikoroma, na asubuhi akalalamika kwamba mimi ndiye niliyemnyima usingizi kwa kugeuka na vyuma vyangu. Nilimwuliza kama alivisikia vikilia. Akajibu, "Vinalia kama geti la shule."

Nimepewa mkanda mpana wa kufunga kiunoni. Nimekatazwa mambo matatu: kuinama, kunyanyua na kujipinda. Shangazi yako ameyaandika kwa chaki ukutani kwa herufi kubwa, na ameyakosea mawili, nimeyasahihisha.

Ulisema kweli, mwanangu. Nakushukuru kuliko niwezavyo kuandika.

Wako,
Baba

21 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimelia kwa furaha mbele ya sinki, mwenzangu wa zamu akadhani nimejichoma na maji ya moto.

Naomba uyashike yale makatazo matatu. Usinyanyue hata ndoo. Bwana Vumbi akuletee habari za karakana nyumbani, wewe usiende. Najua utakwenda, basi ukienda ukae.

Nisalimie Shangazi na chaki yake.

Mwanao,
Futi

14 Mei

Futi wangu,

Nakusalimu, na natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi hatujambo.

Nimerudi karakanani. Usishtuke, nilikaa, kama ulivyosema. Nilikaa siku tisa. Siku ya kumi nilifanya jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote, na nakueleza ili usilisikie kwa shangazi yako.

Wewe umekulia kwenye vumbi la mbao, unaijua kanuni yangu. Hakuna kiti kilichotoka mikononi mwangu bila mimi kukikalia na kukitikisa kwa nguvu, mbele ya mteja. Kiungo kisichojaribiwa hakijaisha. Basi nikafikiri: gundi kali kuliko zote niliyowahi kuitumia hushika kwa siku moja. Mfupa nimeupa wiki saba. Kama umeshika, umeshika. Kama haukushika, ni heri nijue mapema kuliko kuishi nikijibeba kama yai.

Kulikuwa na mlango wa mbao ngumu umeegemezwa ukutani. Niliunyanyua. Bwana Vumbi alitupa msumeno akapiga kelele, "We mzee! Daktari wako akija atanifunga mimi!" Niliubeba hatua nne, nikauweka. Ulikaa sawa.

Nilipouweka nilihisi kitu chini kiunoni, kama msumari unaong'olewa kwenye ubao mbichi. Hakikuuma sana. Jioni mguu wa kushoto ulikuwa na ganzi, lakini asubuhi ganzi ilipungua. Nadhani ni uchovu tu wa mwili uliokaa bure muda mrefu.

Usihangaike. Nimekueleza kwa kuwa sisi hatufichani.

Wako,
Baba

3 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika leo mchana, nami nakuandikia nikiwa bado na aproni. Nimempigia Shangazi simu mara sita, haipokelewi. Nikimpata kabla ya barua hii kufika, vyema. Nisipompata: nenda hospitali siku unayoisoma. Mwambie daktari uliyoyafanya, usipunguze hata hatua moja. Waombe wapige picha upya.

Mfupa si gundi ya mbao. Huchukua nusu mwaka, na mara nyingine mwaka mzima, na kwa mtu wa umri wako huenda usishike kabisa. Muda wote huo skrubu hubeba mzigo peke yake, na mfupa wa mzee ni laini, skrubu hulegea ndani yake. Nilikuambia gundi na jiliwa kwa sababu nilitaka unielewe haraka. Sikukumbuka kwamba fundi huijaribu kazi yake. Mtu mwingine angesoma maneno yale asidhurike. Niliyaandika mimi, nikakuandikia wewe.

Kuna jingine. Uliniambia hutaki maneno ya kukupoza, nami nikakupoza. Trei hazishuki na vyombo tu. Hushuka pia na vyuma vilivyotolewa kwa watu: skrubu zilizolegea, fito zilizokatika katikati, vyuma vilivyoingia vijidudu. Kila wiki huwa navyo. Naviosha vile vile, kwa brashi ile ile, kisha navitia kwenye kopo. Nilipokuwa nakuandikia barua ya Februari kopo lilikuwa karibu na mkono wangu. Nilisema moyoni: hao ni wachache.

Nimeomba ruhusa nije. Kibali changu cha kazi kinafanywa upya na pasipoti iko kwenye droo ya ofisi ya uhamiaji. Mwanamke wa dirishani amesema wiki nane. Nimemwambia kuhusu wewe. Akasema, "Pole, dada," akamwita anayefuata.

Mwanao,
Futi

24 Juni

Futi wangu,

Salamu nyingi. Nimeipokea barua yako tarehe kumi na nane, na siku hiyo hiyo nilikwenda, maana uliniamuru.

Wamepiga picha. Skrubu mbili za chini zimelegea. Ukiitazama picha unaona mstari mweusi kuzizunguka, kama tundu la keekee kubwa kuliko skrubu yenyewe. Moja ya juu imekatika shingo. Nilimwambia daktari kuhusu ule mlango. Hakunigombeza. Aliuliza tu mlango ulikuwa na uzito gani, akaandika. Ningependa angenigombeza.

Mguu wa kushoto umeanza kuniacha. Unyayo haunyanyuki. Juzi nilitoka nyumbani na ndala mbili nikafika kwa Bwana Vumbi na moja, na sikujua ile nyingine imebaki wapi. Aliirudia njiani, akaniletea akiwa ameivaa mkononi kama glavu, akasema, "Mheshimiwa, umepoteza gari lako." Safari hii sikuweza kucheka, naye akaona.

Sasa sikiliza. Yupo daktari bingwa wa uti wa mgongo anayekuja hospitali kuu kila miezi mitatu. Atakuja mwishoni mwa Julai. Anaweza kuvitoa vyuma hivi, atie skrubu nene na ndefu zaidi, azishikishe kwa saruji ya mfupa, na arefushe fito mpaka pingili za juu. Amesema, kupitia kwa daktari wetu, kwamba upasuaji wa pili una hatari kuliko wa kwanza: kovu limeshikamana na mishipa, na miguu yote miwili inaweza kupotea. Nisipopasuliwa, mguu huu utazidi kufa, na huenda nikashindwa hata kuzuia mkojo.

Mwanzo nilikuuliza, ukanijibu. Nakuuliza tena. Nikubali au nikatae?

Wako,
Baba

13 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta juzi.

Jana nilimngoja daktari mmoja wa mgongo kwenye ngazi. Ni mtu mpole, husalimia hata sisi wa chini. Nilimweleza yote pale pale, yeye ameshika kikombe cha kahawa, mimi nimeshika ndoo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hawezi kumshauri mgonjwa asiyemwona kwa macho yake. Nikamwambia, "Angekuwa baba yako?" Akasema, "Hata angekuwa baba yangu, ningemwachia daktari aliye naye." Kisha akaomba radhi, akapanda.

Nimefungua madaftari ya kazini. Nimezitazama zile skrubu za dhahabu, ndizo watakazokutia. Nimezishika. Ni nzito kidogo kuliko zile nyingine. Ndiyo yote ninayoyajua.

Sijui, Baba. Hili ndilo jibu langu na nimelitafuta siku mbili nikitaka liwe jingine. Tafadhali usifanye lolote kwa neno langu. Niliposema kwa moyo mmoja sikuwa najua, na sasa najua kwamba sijui.

Ofisi bado wanasema wiki nane. Nilipohesabu zilibaki mbili, wao wanahesabu nane tangu leo.

Mwanao,
Futi

15 Julai

Futi wangu,

Nakusalimu, nami natumaini u mzima.

Bingwa amewahi. Nimeambiwa nijibu leo kabla ya saa kumi, au ningoje miezi mitatu mingine. Barua yako haijafika, na haiwezi kufika.

Shangazi yako amenishika mkono kutwa nzima. Hajafanya mzaha hata mmoja, na hilo limenitisha kuliko maneno ya madaktari. Mwishowe nilimwomba aseme kitu. Akasema, "Kaka, mimi nikikuambia ndiyo nitaogopa, nikikuambia hapana nitaogopa. Niache niogope bila kusema."

Nimetia sahihi. Nimekubali. Usiseme umenishauri, kwa maana hukunishauri; safari hii ni mimi peke yangu. Na ule mlango niliunyanyua mimi. Mikono ilikuwa yangu.

Naingia kesho asubuhi.

Wako,
Baba

6 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani. Yako imefika tarehe tano, nami nimejua kwa pamoja kwamba umekubali na kwamba yamekwisha kufanyika.

Shangazi anapokea simu sasa. Anasema, "Anaendelea." Nikimwuliza anaendelea vipi, anasema mtandao ni mbaya. Mtandao unakuwa mzuri nikiuliza habari za kuku wake.

Niandikie hata mstari mmoja. Kama mkono hauna nguvu, mwambie Bwana Vumbi aandike. Makosa yake nitayavumilia.

Mwanao,
Futi

30 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Wiki hii ilishuka trei ya mtu mwingine. Sijui ni mwanamume au mwanamke. Kwetu huja namba tu. Skrubu nane, fito mbili, moja imepinda. Sheria inataka nizihesabu kwa sauti, mwenzangu aandike. Nilifika tano nikasahau inayofuata. Nilianza tena. Nilisahau tena pale pale. Mwenzangu aliweka kalamu chini akahesabu yeye, akaandika yeye, mimi nikatia sahihi.

Pasipoti haijatoka. Mwanamke wa dirishani sasa ananijua, ananitikisia kichwa kabla sijafika mbele ya foleni.

Nimesoma kwamba mishipa iliyobanwa huweza kuamka baada ya miezi mingi. Nimesoma pia kuhusu mazoezi ya maji, na mikanda ya kunyanyua nyayo, nitakuchorea. Tafadhali niambie wanakupa dawa gani, na kidonda kimefungaje, na vidole vinahisi nini ukivigusa kwa pamba. Niambie tu.

Mwanao,
Futi

25 Septemba

Futi, mwanangu,

Nakusalimu. Barua zako zote tatu ninazo, hata ile ya Julai iliyofika nikiwa nimekwisha kupasuliwa. Sikuzijibu kwa makusudi. Mkono wangu haukuwa mgonjwa. Nilikuwa nangoja niwe na habari njema ya kuandika, na leo nimeacha kungoja.

Upasuaji ulichukua saa saba. Nilipoamka sikuihisi miguu. Walinirudisha ndani siku hiyo hiyo. Damu ilikuwa imeganda juu ya mishipa, wakaitoa. Bingwa aliondoka kwa ratiba yake baada ya siku nne. Alinishika bega kabla ya kwenda. Sina la kumlaumu. Vyuma vimekaa imara, picha ni nzuri mno, daktari wetu huwaonyesha wanafunzi wake.

Mguu wa kulia unaujua ubaridi wa sakafu. Wa kushoto ni kama wa mtu mwingine aliyelala nami. Huenda ikabadilika ndani ya mwaka, huenda isibadilike. Nilimwuliza daktari lipi lina uzito zaidi, akatazama viatu vyake.

Niko kwenye kiti cha magurudumu. Tulipofika nyumbani kilikwama mlangoni; nyumba nzima milango ni kazi yangu, na yote ni myembamba kuliko kiti. Bwana Vumbi alikuja kuipanua. Alikata fremu ya chumbani kwa pembe mbaya. Niliona tangu alipoweka penseli. Nilinyamaza. Alipomaliza aligeuka akaniambia, "Sema basi, mzee. Nitukane." Nikamwambia kazi ni nzuri. Alitoka nje akakaa huko muda mrefu.

Sasa nina ombi moja, na ninakuomba kama baba. Usiniandikie tena habari za mgongo. Usinichoree mikanda. Ukilijua jambo, usiniambie. Usipolijua, usiombe radhi. Na hao wa dirishani, waache. Usije ukapoteza kazi kwa kuja kunitazama nimekaa. Kukaa kwangu hakuhitaji watu wawili.

Jana nilizipanga barua zako za mwaka huu juu ya meza nikazisoma kwa mfuatano. Nimejua rangi za skrubu na unene wake. Nimejua wapi huwekwa zikitoka. Lakini hakuna mahali ulipoandika unakula na nani, au zamu ikiisha unakwenda wapi. Nilikuuliza mgongo tu, nawe mtoto mtiifu ukanijibu mgongo tu. Miaka sita uko huko, nami siwezi kukuona ukiwa umekaa mahali.

Nianzie chumba unacholala. Kina dirisha? Kama kinalo, ukisimama hapo unaona nini?

Wako,
Baba